UPE (praimari ya bure ya serikali) ama praiveti: mtoto wa praimari hapa Busia umpeleke wapi

Kila Januari matokeo ya PLE, mtihani wa mwisho wa praimari, yakitoka ni maneno yale yale. Praiveti zinafunga mabango getini na picha za watoto wa agrigeti 4 na 5 (jumla ya alama za masomo manne, ikiwa ndogo ndio bora), wazazi wanaanza kupiga hesabu usiku, na yule mwenye mtoto kwa shule ya serikali anajiona kama mtu aliyemtupa mtoto wake. Mi nimesomesha pande zote mbili hapa Busia upande wa Uganda, basi wacha nilinganishe vile naona, na niseme mapema nasimama wapi ndio usisome mpaka chini ukitafuta. Kama nyumbani kuna mtu wa kufungua daftari la mtoto jioni, na uko tayari kulipa chakula cha mchana bila kusukumwa, serikali inatosha, weka hiyo pesa ingine kwa vitabu. Kama mnatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda sokoni na mnarudi usiku, na mtoto anabaki na dada anayemzidi umri kidogo tu, hapo tafuta praiveti, lakini siyo ile yenye bango kubwa.

Tuelewane kwanza. Nikisema serikali namaanisha zile za UPE zilizo chini ya wilaya, walimu wanalipwa na serikali, DEO (ofisa wa elimu wa wilaya) na mainspekta wake ndio wenye kuangalia. Nikisema praiveti sisemi zile za Kampala zenye bwawa la kuogelea na basi ya njano, nasema hizi zetu za mtaani, ukuta wa tofali, bati, jina la mtakatifu ama "Parents" ama "Junior". Halafu kuna zile za katikati zinachanganya watu sana, shule za zamani za kanisa ama za msikiti, jina ni serikali, walimu ni wa serikali, lakini mzazi analipa pesa ya PTA (chama cha wazazi na walimu) mpaka unajiuliza hii UPE ni ya nani. Hizo ukipata nafasi chukua, sina maneno mengi, shida ni kupata nafasi tu.

UPE ilianza 1997. Mwanzo ilikuwa watoto wanne kwa familia, baadaye wakafungulia wote, na kwa mwaka mmoja tu watoto wakaruka kutoka kama milioni 3 mpaka zaidi ya milioni 5. Madarasa na walimu hawakuruka hivyo. Karibu kila kitu mtu analalamikia leo, watoto mia kwa darasa moja, dawati la watu watatu linakaliwa na watano, kimetoka hapo.

Sasa pesa, kwa sababu najua wengi ndiyo mnangoja.

Serikali inatuma pesa kwa shule kwa kila mtoto, kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 10,000 hivi kwa mwaka, siku hizi ni kama 20,000. Kwa mwaka mzima, jamani. Gawanya kwa mihula mitatu uone kinachobaki ni cha chaki na kitabu cha mahudhurio. Ndio maana hedimasta anaita mkutano anaomba wazazi kitu, na watu wanatoka wakipiga kelele ati amekula UPE. Kuna siku amekula kweli, lakini mara nyingi hakuna cha kula. Sheria ya elimu ya 2008 yenyewe inasema chakula, nguo na usafiri wa mtoto ni juu ya mzazi. Kitu wasichoruhusiwa ni kumfukuza mtoto kwa sababu hujatoa mchango, hiyo ukifanyiwa usilie nyumbani, panda boda nenda ofisi ya wilaya.

Kuhusu kula pesa, kuna kisa ambacho kila mzazi wa UPE anafaa kujua. Miaka ya 90 watafiti walifuatilia pesa za serikali zilizotumwa kwa shule za praimari, wakakuta kati ya 1991 na 1995 kinachofika shuleni ni kama asilimia 13 tu, zingine zinapotelea njiani wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha kwa magazeti wilaya fulani imepewa kiasi gani, na shule zikaambiwa zibandike ukutani zilichopokea, na kinachofika kikapanda sana. Basi ukiingia ofisi ya hedi wa UPE tafuta hiyo karatasi ukutani. Kama haipo uliza, ni haki yako. Praiveti huwezi kuuliza swali kama hilo, mwenye shule atakuangalia tu.

Upande wa praiveti karo inajulikana, wanakupa karatasi. Shida ni ukurasa wa pili wa ile karatasi: rimu mbili, ufagio wa ndani na wa nje, tishu, sabuni ya unga, sukari ya uji, sweta ambayo inauzwa shuleni peke yake, pesa ya mjengo kila mwaka na mjengo huoni ukipanda, pesa ya ziara kwenda Jinja kuona chanzo cha Nile, na muhula wa tatu kuna sherehe ya kuwaaga P7, darasa la mwisho la praimari, hata kama mtoto wako yuko P2. Ukikosa salio kidogo ripoti inabaki ofisini. Kwa hivyo usilinganishe karo na sifuri. Chukua karo ujumlishe ukurasa wa pili, weka upande mmoja. Upande wa serikali weka chakula, yunifomu, mchango, vitabu vya kununua mwenyewe, na pesa ya mtu wa kumsaidia mtoto jioni kama wewe huwezi. Ukifanya hivyo tofauti bado ipo, lakini si kubwa vile watu wanasema. Na mzazi wa serikali ambaye hatoi hata kimoja kati ya hivyo, huyo hajasomesha bure, mtoto ndiye analipa.

Chakula nitakaa nacho kidogo maana hapa ndio naona tofauti kubwa kuliko hata walimu. Nenda shule ya serikali saa saba mchana, usimwambie mtu, simama tu karibu na jiko. Utaona foleni ya watoto wenye sahani na vikombe, posho (ugali) na maharage, jina likisomwa kwenye daftari. Halafu angalia chini ya mwembe. Kuna kundi ingine limekaa, hawachezi mpira, hawapigi kelele, wanachora chini na vijiti, wanangoja kengele. Hao ndio ambao nyumbani hawakutoa. Wengine wanaenda nyumbani "kula" na hawarudi mchana, na darasa la mchana linabaki nusu. Mwalimu naye hafundishi kitu kipya mchana kwa sababu nusu haiko, anarudia cha asubuhi, na hata yule mtoto wa mzazi aliyelipa anapoteza. Unaona vile hii kitu inamrudia kila mtu? Shule ya serikali ambayo wazazi wake wamekubaliana wote kuleta mahindi na maharage baada ya mavuno, hata debe debe, inafanya vizuri, na naamini ni kwa sababu ya mchana huo. Swali langu la kwanza nikienda kuangalia shule ya UPE si wangapi walipata gredi ya kwanza, lile daraja la juu la PLE, ni watoto wangapi wanakula hapa. Praiveti chakula kiko ndani ya karo, wote wanakula, uji saa nne na posho mchana, maharage saa ingine yana wadudu lakini mtoto ameshiba na yuko darasani saa nane.

Masomo sasa. Kitu cha kwanza ni kwamba serikali kwa kawaida inakupokea kuanzia P1. Nasari karibu zote ni za watu binafsi, kwa hivyo mtoto wa serikali anaweza kufika P1 hajawahi kushika penseli, na wa praiveti amesoma miaka mitatu, anaimba wiki na miezi kwa Kiingereza. Ukiwaweka pamoja P1 unaona kama mmoja ni mjinga. Si mjinga, ameanza kuchelewa tu. Ukipata uwezo wa nasari hata mwaka mmoja ya mtaani kisha umpeleke UPE, hiyo pesa inafanya kazi kuliko ungelipa praiveti P6.

Halafu lugha. Kwa ule mtaala wa 2007, P1 mpaka P3 shule inafaa kufundisha kwa lugha ya eneo, huku kwetu vijijini ni Lusamia ama Ateso, P4 wanageuza kwenda Kiingereza. Mjini ambapo watoto wamechanganyika wanaenda Kiingereza moja kwa moja. Wataalamu wanasema lugha ya mama inamsaidia mtoto kuelewa, na mi nakubali, ila sasa nyumba nyingi hapa mpakani tunaongea Kiswahili, baba Msamia mama kutoka Mbale jirani Mkongo, lugha ya mama ya huyu mtoto ni ipi? Mtoto wetu anafika shule ya kijijini anafundishwa kusoma kwa lugha ambayo anaijua nusu, P4 ikifika anaangushiwa Kiingereza ambacho hakijui kabisa. P4 ndio mahali watoto wa serikali wanapotea. Siyo P7. P7 unaona tu matokeo ya kilichotokea P4. Praiveti haina hilo shimo kwa sababu ni Kiingereza tangu siku ya kwanza, lakini ina shida yake, watoto wanakariri. Mwambie wa P3 akusomee ukurasa ambao hajawahi kuuona uone, wengine wanaimba ukurasa wa jana.

Walimu, watu wanadhani wa praiveti ni wazuri zaidi. Kwa karatasi ni kinyume. Wa serikali amesomea ualimu, ana cheti na amesajiliwa, ana mshahara na pensheni inamngoja. Wa praiveti anaweza kuwa mzuri sana na anaweza kuwa kijana aliyemaliza S6, mwisho wa sekondari, juzi anangoja kitu kingine. Tofauti ni kwamba wa praiveti yuko darasani, mwenye shule anazunguka na anaweza kumfuta kazi Ijumaa, na wa serikali saa ingine yuko kwa shamba lake ama ana duka mjini. Nawaelewa kidogo, mshahara wa praimari uko kama laki tano kwa mwezi, na 2022 serikali ikapandisha mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii mpaka milioni 4, huyu wa P5 anayefundisha watoto tisini akaambiwa angoje. Mwezi wa sita mwaka huo waligoma, na watoto wa serikali walikaa nyumbani huku wa praiveti wakipita na mabegi. Lakini kumbuka pia upande ule mwingine. Kwa korona shule zilifungwa tangu Machi 2020 mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka miwili, na wakati wa kufungua praiveti nyingi hazikurudi, majengo yaligeuka nyumba za kupanga na mabanda ya kuku, walimu wako kwa boda. Shule za serikali zote zilikuwepo pale pale. Praiveti ni biashara, mwenyewe akifa ama watoto wake wakigombana, shule inaenda nayo.

Kama unataka kujua mwalimu anafundisha ama hafundishi usiulize hedi. Muombe mtoto wa jirani wa P4 ama P5 daftari lake la hesabu. Angalia tarehe. Angalia kalamu nyekundu, mara ya mwisho alisahihishwa lini, na kama alikosa kuna mahali ameandika tena sahihisho ama imeachwa hivyo. Ni kama kununua shati ya mtumba hapa sokoni, unageuza kola kwanza. Mi nimeona daftari la shule ya UPE ya ndani huko kijijini limesahihishwa kila siku, na la praiveti yenye bango lina tiki moja kubwa ukurasa mzima, mwalimu hata hajasoma, saba mara nane amepewa tiki kwa hamsini na nne.

Kurudia darasa nayo. Serikali sera yake ni mtoto anapanda tu kila mwaka, praiveti wanakurudishia mtoto P6 mara mbili wakisema bado hajaiva. Usifikiri ni upendo wote. Anaiva kwa sababu ya bango. Na kuna shule, sitaji, mtoto akionekana dhaifu P7 wanampeleka kuandikishwa kwa senta (kituo cha mtihani) ingine ili matokeo yake yasichafue yao, mzazi anagundua akienda kutafuta matokeo. Uliza mapema: shule hii ina senta namba yake ya UNEB, baraza la mitihani? Wangapi walikuwa P6 mwaka juzi na wangapi walikaa mtihani kwa jina la shule hii mwaka jana? Ukiona thelathini wamekuwa kumi na nane, hapo umepata jibu lako, gredi ya kwanza zote hizo achana nazo. Pesa ya kujiandikisha PLE kwa mtoto wa UPE inalipwa na serikali, wa praiveti mzazi analipa, ada ya UNEB imekuwa shilingi 34,000, na shule inakuandikia mara mbili mara tatu yake ikiita maandalizi.

Msaada ule usio wa darasani, hapa serikali inashinda na watu hawasemi. Shule ya serikali ina mwalimu mlezi wa wasichana, wa kuongea nao mambo ya hedhi na ya kusumbuliwa njiani, na nyingi zina choo cha wasichana peke yake kilichojengwa na serikali ama mradi. Praiveti ndogo unakuta choo kimoja na pazia. Mtoto mwenye ulemavu ndio kabisa, praiveti nyingi watakuambia kwa upole hatuna vifaa, maana yake hatumtaki. Serikali ndio ina walimu waliosomea kazi hiyo chuo kikuu cha Kyambogo, na huku mashariki kuna shule ya viziwi Ngora, na UNEB inawapa watahiniwa wa aina hiyo muda wa ziada na mtu wa kuwasaidia, bora shule ipeleke majina mapema. Kama mtoto wako haoni vizuri ama hasikii, usipoteze mwaka kwa praiveti, anza na ofisi ya elimu ya wilaya. Na ukiwa na malalamiko serikali kuna ngazi, kamati ya shule ambayo wazazi wana viti, kisha DEO, kisha hata diwani wako wa LC5, baraza la wilaya. Praiveti ngazi ni moja, na ndiye unayemlalamikia. Viboko vimekatazwa na sheria ya watoto ya 2016, na pande zote mbili bado wanachapa, hapo sina mshindi wa kutaja.

Kuna wanaoniuliza, kwa nini tusivushe watoto upande wa Kenya, ni hatua tu. Faida moja naiona, Kiswahili huko ni somo la kweli na kinatahiniwa, wakati huku PLE ni masomo manne tu, hesabu, Kiingereza, sayansi na SST (maarifa ya jamii), Kiswahili hakimo, ingawa baraza la mawaziri lilipitisha 2022 kifundishwe praimari na sekondari. Mpaka leo shule nyingi hazina mwalimu wake. Lakini Kenya wameshaacha mfumo wa zamani, KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, sasa praimari inaishia gredi ya 6 kisha wanaingia junia, yaani sekondari ya chini, na huku P7 ni P7. Ukimvusha mtoto akiwa P5 halafu ukataka kumrudisha hatakuwa na pa kuingilia vizuri, na huko wanataka cheti cha kuzaliwa ndio aingie kwa mfumo wao. Ukivuka, vuka jumla, usijaribu mguu mmoja huku mwingine kule. Na wengi kutoka huko wanaleta watoto wao huku, nendeni mkaone mabweni.

Kwa wenye kuhama ndani kwa ndani, wakati mzuri ni kuingia P4 ama P5, mwanzo wa mwaka. Wengi wanaweka serikali mpaka P5 kisha praiveti P6 na P7, si mbaya kama mtoto anajua kusoma, kama hajui ile shule itamweka nyuma dawati la mwisho na kula karo yako miaka miwili. Usihamishe P7 hata ukiudhiwa namna gani, kwa sababu usajili wa UNEB unafanyika miezi ya mwanzo na jina likishaingia senta fulani limeingia. Wakati huo huo ndio wanajaza fomu ya kuchagua sekondari. Shule nyingi hedi anajaza mwenyewe, anaandika majina makubwa ya Kampala na Jinja kwa mtoto wa agrigeti 22 ambaye hawatamwita. Nenda ukae naye. Nafasi za juu weka shule ambazo uliuliza mwaka jana zilikata kwa agrigeti ngapi, chini weka sekondari ya serikali ya kutwa ya USE (mpango wa UPE kwa sekondari) iliyo karibu, hiyo inachukua mpaka agrigeti 28, halafu hakikisha jina la mtoto limeandikwa sawa na lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, kwa maana kulirekebisha baadaye ni safari ya Ntinda huko Kampala na pesa ya UNEB.